Mbawakawa Bombadia, Mageuko na Uumbaji: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha tuisheni ya baiolojia huku Tabata, jioni, kidato cha tatu na cha nne. Kila baada ya miezi michache klipu ileile hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: mdudu mdogo, bombadia, anafyatua moshi kwa nyuma, na sauti nzito inatangaza kwamba huyu peke yake amemmaliza Darwin na mageuko yake, yaani nadharia kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Kesho yake darasani hakuna anayetaka kusikia habari za usanisinuru. Wanafunzi wanauliza, wazazi wanauliza wakija kulipa ada, ustadhi jirani yangu ameniuliza, mzee wa kanisa letu ameniuliza, na karibu wote kwa maneno yaleyale. Nimechoka kujibu kwa vipande. Halafu sekondari zetu hufundisha sayansi kwa Kiingereza, kwa hiyo wengi tuliyakariri mambo haya kabla ya kuyaelewa. Hapa ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Kwanza, huyo ni mende?

Hapana. Mende wa jikoni ni ukoo mwingine kabisa. Huyu ni mbawakawa, kundi la wadudu ambao mabawa yao ya mbele yamekuwa magumu kama gamba na kufunika yale laini ya kurukia. Chonga anayetoboa minazi ni mbawakawa, fukusi wa mahindi ni mbawakawa, hata kimulimuli. Bombadia ni wa familia ya mbawakawa wa ardhini, wawindaji wanaotoka usiku na kujificha mchana chini ya mawe na magogo. Zipo spishi zaidi ya 500, nyingi zina urefu wa sentimita moja au mbili tu. Jina lake limetokana na askari wa mizinga.

Na si mdudu wa ughaibuni. Picha zake maarufu zilichapishwa mwaka 1999 na Thomas Eisner na Daniel Aneshansley wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, lakini mdudu mwenyewe alitoka Kenya. Walimbana mguu mmoja kwa koleo ndogo, naye akapinda ncha ya tumbo na kulenga mguu uleule uliobanwa. Wakabana mwingine, akageuza. Anaweza hata kufyatua kuelekea mbele, akipitisha juu ya mgongo wake mwenyewe.

Anafyatua nini hasa, na mbona haungui yeye?

Tumboni ana vifuko viwili, na kila kifuko kinaingia kwenye chumba chake kidogo chenye kuta nene. Kifukoni mna maji yenye kemikali mbili ambazo mjini hapa tunazifahamu kuliko tunavyodhani. Ya kwanza ni haidrojeni peroksidi, ile ya kwenye kichupa cha duka la dawa, inayotoa povu ukiimimina kwenye kidonda. Saluni nao huitumia kubadilisha rangi ya nywele. Ya pili ni haidrokwinoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye krimu za kujichubua hadi ikapigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Mbili hizo zinakaa pamoja kifukoni, zimetulia.

Adui akimgusa, misuli inaminya kifuko, kilango kinafunguka na tone linaingia chumbani. Humo kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, vya aina mbili: katalesi na peroksidesi. Katalesi inaivunja peroksidi kuwa maji na oksijeni. Peroksidesi inaigeuza haidrokwinoni kuwa benzokwinoni, ambayo ndiyo inayowasha macho na kuchoma ulimi. Tendo lote linatoa joto jingi, mchanganyiko unafika nyuzijoto 100, na oksijeni iliyozaliwa inausukuma nje kwa kishindo unachoweza kukisikia kwa masikio. Kipimo hicho cha joto kilichapishwa mwaka 1969. Ni joto la maji yanayochemka kwenye sufuria ya chai.

Kuhusu kutoungua, jibu lilichelewa. Mwaka 1990 Eisner na wenzake walionyesha kwamba kinachotoka si mchirizi mmoja. Ni mapigo, takriban 500 kwa sekunde, na kati ya pigo na pigo tone jipya lisilo na moto huingia chumbani. Wenyewe walilifananisha na injini ya V-1, bomu la kuruka la Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, iliyosukumwa kwa mapigo vilevile. Kisha mwaka 2015 watafiti walimpiga mdudu aliye hai eksirei zenye nguvu na kuona ndani wakati anafyatua. Kilango hakifungwi na msuli kila pigo. Shinikizo la mlipuko wenyewe ndilo linalokifunga, likishuka kinafunguka. Fundi baiskeli yeyote anaijua kazi hiyo: ndivyo vali ya tairi inavyofanya upepo ukitaka kurudi kwenye pampu.

Klipu inasema kemikali hizo zikikutana tu zinalipuka, kwa hiyo bombadia wa kwanza angejilipua. Kweli?

Si kweli, na hapa sina cha kulegeza. Nimeshasema: kifukoni zinakaa pamoja kutwa nzima.

Hadithi hii ina historia. Aliyeieneza zaidi, miaka ya 1970, ni Duane Gish, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya bayokemia kutoka Berkeley, aliyekuwa mtetezi mkubwa wa uumbaji majukwaani. Alidai kwamba kemikali hizo zingelipuka zenyewe kama si kitu fulani cha kuzizuia, halafu mdudu anaongeza kitu kingine cha kukizuia kizuizi. Chanzo chake kilikuwa kazi ya mkemia Mjerumani Hermann Schildknecht, ambayo ilisomwa vibaya ilipovuka kutoka Kijerumani. Mwaka 1978 wahadhiri wawili wa San Diego, William Thwaites na Frank Awbrey, waliona mabishano ya maneno hayaishi, wakachukua kemikali zenyewe na kuzichanganya. Hakukuwa na mlipuko. Mchanganyiko uligeuka rangi ya kahawia, basi.

Baadhi ya watetezi wa uumbaji wameiacha hoja hii siku nyingi, na nawaheshimu kwa hilo. Ila klipu haijapata habari. Mzee wetu wa kanisa nilipomweleza alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, tumekuwa tukisema uongo madhabahuni?" Nikamjibu kwamba aliyesema bila kujua hakusema uongo. Akishajua, hapo ni shauri lake.

Naweza kujaribu nyumbani?

Haidrokwinoni usiiguse. Lakini nusu ya kazi ya bombadia unaweza kuiona mezani kwa shilingi chache. Nunua peroksidi ya vidonda duka la dawa na kipande cha maini bichi buchani. Kata kipande kama punje ya harage kubwa, kitie kwenye glasi, mimina peroksidi kidogo.

Povu linapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Shika glasi chini: ina joto. Mara ya kwanza nilipofanya hivi darasani, kijana wa dawati la mbele alirudisha mkono haraka, "Ticha, imepata moto!" Kisha chukua njiti ya ufagio, iwashe, izime ibaki kaa jekundu tu, iingize ndani ya povu. Inawaka tena, maana lile povu limejaa oksijeni. Rudia kwa ini lililochemshwa, hakitatokea kitu, kwa sababu moto umeshakiharibu kimeng'enya.

Kimeng'enya chenyewe ni katalesi, kiko kwenye ini la ng'ombe, kwenye kiazi kibichi, kwenye damu yako. Ndiyo maana kidonda hutoa povu. Peroksidi hujitengeneza yenyewe ndani ya chembe hai kama taka ya kazi zake za kila siku, na chembe ikiiacha itadhurika. Kwa hiyo viumbe karibu wote wanaovuta oksijeni wana ufagio wa kuizoa. Kumbuka jambo hili, nalihitaji kwenye swali linalofuata.

Sawa, hailipuki. Lakini kifuko, chumba, kilango, kemikali na vimeng'enya lazima viwepo vyote kwa pamoja. Nusu ya bunduki ina faida gani?

Hili ndilo swali lenyewe. Yale mengine ni kelele za pembeni.

Nianze na jongoo. Wakati wa masika hapa Dar wanatoka kila mahali, wale weusi wanene kama kidole cha mtu mzima, wanapanda kuta za bafuni na kujikunja kwenye kona. Mwokote kwa mkono umtazame kwa karibu. Anajiviringisha, na ubavuni, pingili baada ya pingili, vinatoka vitone vya manjano. Vinanuka ukali fulani unaofanana na iodini ya hospitali. Vikikauka vidoleni vinaacha doa la kahawia ambalo sabuni ya mche haiwezi kulitoa, unakaa nalo siku kadhaa. Wazee waliligundua zamani, ndiyo maana husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Umeshawahi kujiuliza mti una kosa gani? Umelowa benzokwinoni. Ni jamii ileile ya kemikali anayofyatua bombadia, tofauti ni kwamba ya jongoo inatoka baridi, kwa kuchuruzika, bila mlipuko wowote. Na inamlinda vizuri tu.

Jongoo si mdudu kwa hesabu za wanasayansi, kwa hiyo simtaji kama babu wa bombadia. Namtaja kuonyesha kwamba benzokwinoni peke yake, bila chumba na bila moto, ni silaha kamili. Ukitaka ndugu wa karibu zaidi fungua ndoo ya unga wa sembe uliokaa muda mrefu. Wale mbawakawa wadogo wekundu wa unga wanatoa benzokwinoni pia. Ndiyo sababu unga walioushambulia huwa na harufu kali na rangi inayovutia uwaridi, na hata ukichekecha, ugali wake hauliki.

Wanazitoa wapi? Hapo ndipo mende wa jikoni anaporudi. Wengi mmemwona mende mweupe kabisa, mkadhani ni zeruzeru au kaingia kwenye dawa. Ni mende wa kawaida aliyetoka kuvua gamba muda huohuo. Baada ya saa chache anakuwa wa kahawia na mgumu. Kazi hiyo ya kukausha na kutia rangi gamba hufanywa na kemikali za jamii ya kwinoni, na wadudu kwa jumla wanazo. Yaani malighafi ilikuwa karakana tayari, kwa kazi nyingine.

Sasa pitia orodha ya klipu. Kwinoni zipo kwa wadudu wote. Peroksidi na katalesi zipo kwenye chembe karibu zote. Tezi mbili za mkiani wanazo mbawakawa wa ardhini kwa jumla, si bombadia peke yake, ila wengine huzijaza vitu vingine. Wale wakubwa weusi wa nyika za Afrika hurusha asidi ya fomiki. Kifuko ni ngozi ya tezi iliyotanuka. Hakuna hapo kitu kilichoshuka kutoka angani kikiwa kimekamilika.

Na "nusu ya bunduki" zipo hai. Kule California kuna bombadia mmoja aitwaye Metrius. Harushi mchirizi wa kulenga. Kemikali zake hutoka kama povu linalotambaa juu ya mgongo wake, la moto lakini halifiki nyuzijoto 100. Ukimtazama unaona mtu mwenye bomba la maji lisilo na koki wala pua. Sisimizi wakimvamia wanakutana na povu, wanaondoka. Ndugu zake wengine wa tawi hilohilo, ambao wengi huishi ndani ya vichuguu vya sisimizi, wana ukingo kando ya tumbo unaopinda mchirizi na kuuelekeza mbele. Ukilinganisha na yule wa Kenya anayelenga mguu mmoja baada ya mwingine, unapata ngazi, na kila kidato cha ngazi kina mkazi wake anayeishi, anayekula na kuzaa.

Je, hii inathibitisha kwamba mambo yalikwenda kwa mpangilio huohuo? La. Metrius wa leo si babu wa bombadia wa leo, wote ni wajukuu. Inachofanya ni kuivunja ile "haiwezekani". Aliyesema haiwezekani kufika ghorofani bila lifti ameonyeshwa ngazi. Anaweza bado kubishana nani alipita wapi, lakini ngazi ameiona.

Kuna mtu aliyewahi kuona hatua kama hizo zikifanya kazi?

Kwa bombadia, hakuna aliyekaa miaka milioni kadhaa na kamera. Ila upande wa pili wa vita hivi vya kemikali, yaani namna mdudu anavyoistahimili sumu, hatua zimejaribiwa moja moja maabara.

Yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zilizotiwa madoa meupe, anayeruka polepole kwenye viwanja vya Dar kama vile hana adui, ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe ambao una sumu ya moyo. Sumu hiyo huziba pampu ya sodiamu, protini inayosukuma sodiamu kutoka ndani ya chembe. Jamaa zake wanaoimudu vizuri wana mabadiliko machache kwenye pampu hiyo, sehemu tatu hasa. Mwaka 2019 wanasayansi waliyaingiza mabadiliko hayo kwa nzi wa matunda, moja moja na kwa pamoja. Mengine yakiingizwa peke yake yalimstahimilisha nzi na sumu lakini yakamharibia mishipa ya fahamu: ukimtikisa kidogo anapooza. Yakitanguliwa na badiliko jingine, madhara yanapungua. Nzi aliyepata yote matatu alikula majani yenye sumu bila shida. Yaani njia ipo, lakini si kila njia inapitika. Utangulie huku ndipo uende kule. Mimi jaribio hili linanivutia kuliko bombadia mwenyewe, ila halina moshi, kwa hiyo halina klipu.

Mabaki ya kale je?

Tezi laini hazigeuki mawe kirahisi. Hata hivyo, mwaka 2007 ilielezwa ndani ya kaharabu ya Burma, yenye umri wa miaka milioni 100 hivi, maiti ya mbawakawa (si bombadia, ni wa familia nyingine) aliyenaswa na utomvu huku akimtolea adui yake majimaji ya kujilinda. Watu wa pwani hii hawahitaji kuelezwa kaharabu ni nini, maana sandarusi yetu iliyochimbwa na kuuzwa kupitia Zanzibar ni utomvu wa namna hiyo, na vipande vyake vingi vina wadudu ndani. Tofauti ni umri. Sandarusi ni changa sana.

Si ni nadharia tu?

"Nadharia" ya mtaani ni mtu akiwaza tu. Nadharia ya kisayansi ni maelezo yanayounganisha ushahidi mwingi na yanayoweza kupimwa. Vijidudu kuwa chanzo cha magonjwa nayo ni nadharia, na bado unanawa mikono.

Darwin mwenyewe aliwajua wadudu hawa?

Aliwajua kwa ulimi. Alipokuwa mwanafunzi Cambridge alikuwa na wazimu wa kukusanya mbawakawa. Siku moja alibandua gome la mti, akaona wawili adimu, akakamata mmoja kila mkono. Akatokea wa tatu. Kwa kuwa hakutaka kumkosa, akamtupia mdomoni yule wa mkono wa kulia. Mdudu akamwagia majimaji makali yaliyomuunguza ulimi, akamtema, akampoteza, na wa tatu naye akapotea. Ameyasimulia mwenyewe uzeeni.

La maana zaidi ni kwamba mwaka 1859 aliandika wazi jinsi ya kumshinda: onyesheni kiungo kimoja ambacho kamwe hakiwezi kupatikana kwa mabadiliko madogo madogo yanayofuatana, na nadharia yake itaanguka. Kwa hiyo wanaokitafuta kiungo hicho hawamkosei adabu, wanafanya alichoomba. Bombadia alikuwa mgombea mzuri. Hakupita.

Kwa nini mabishano haya yana sura ya Kimarekani hivi?

Kwa sababu kule yalikwenda mahakamani. Mwaka 1925 mwalimu John Scopes alishtakiwa Tennessee kwa kufundisha mageuko. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa sheria ya Louisiana iliyolazimisha "sayansi ya uumbaji" ifundishwe sambamba na mageuko. Mwaka 2005 jaji wa Pennsylvania aliamua kwamba hoja ya "usanifu wenye akili" ni dini na si sayansi, kwa hiyo isiingizwe kwenye darasa la baiolojia la shule ya umma. Klipu zetu nyingi ni mabaki ya kesi hizo, zimetafsiriwa na kuwekewa muziki.

Nikikubali haya, nimekana imani yangu?

Naulizwa hili kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya wengine kuondoka.

Mimi ni mtu wa ibada, na sijaona sababu ya kuacha. Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wajenzi wakubwa wa elimu ya mageuko ya karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Wapo pia Wakristo wanaosoma siku sita za Mwanzo kama siku za saa 24 na hawatasogea, na kwa Waislamu maoni hayafanani, hasa likifika suala la Adamu. Ustadhi jirani yangu hana tatizo lolote na wadudu kubadilika. Kwa binadamu anasimama. Tunakunywa kahawa pamoja, anasimama, na kahawa inaendelea.

Vitabu vyenyewe vinatutuma kutazama. Mithali inamwambia mvivu amwendee chungu (chungu huyo ni sisimizi, si cha kupikia, kuna mwanafunzi aliniuliza). Qur'ani ina sura ya Nyuki na sura ya Sisimizi. Ninachokataa ni kulitundika jambo kubwa kama imani kwenye kemia ambayo muuza duka la dawa anaweza kuikanusha. Mtoto akijengewa hivyo, siku atakapoingia maabara ya chuo ataona kichupa hakilipuki, na hatatofautisha tena kipi kimevunjika.

Shule moja niliyopita niliambiwa mada ya mageuko niiweke wiki ya mwisho na nisiikalie sana, "watasoma wenyewe". Walisoma wenyewe, kwa klipu.

Kama Mungu ndiye aliyeumba, kwa nini aumbe silaha na sumu?

Kati ya watetezi wa uumbaji wapo wanaosema silaha zilikuja baada ya anguko la Edeni, wengine wanasema zilikuwepo zikisubiri. Hilo ni lao na wanatheolojia. Mimi nafundisha baiolojia.

Wadudu wenye kemikali hapa kwetu ni wapi nawaona, na nani wa kuogopa?

Panda mwembe. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota ndio majimoto, na jina linatosha. Hawana mwiba unaofanya kazi: wanang'ata kwanza, kisha wanainua tumbo na kumwagia asidi ya fomiki pale palipong'atwa. Asidi hiyo ilipatikana kwa mara ya kwanza na Mwingereza John Ray mwaka 1671, alipotonesha sisimizi waliokufa kwa moto kama watu wanavyopika gongo, na jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la sisimizi. Mkulima wa minazi asiwaue: majimoto huwafukuza kunguni wanaodhuru nazi changa.

Wa kuangalia ni yule anayeitwa nzi wa Nairobi. Si nzi, ni mbawakawa mwembamba chini ya sentimita moja, mweusi na chungwa kwa zamu, anayefuata taa usiku wakati wa mvua. Hang'ati wala hachomi. Sumu yake, pederini, iko mwilini, na inatoka ukimponda. Siku hiyo husikii kitu, kesho au keshokutwa ngozi inatoka malengelenge kama umemwagiwa maji ya moto. Akitua shingoni mpulize aondoke. Ukishamponda, nawa mara moja kwa sabuni na usipeleke mkono machoni. Na hapa kuna kichekesho cha mageuko: mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba pederini haitengenezwi na mdudu, inatengenezwa na bakteria anayeishi ndani yake. Silaha ya kupangishwa.

Mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?

Bombadia hatatoka. Mageuko yatatoka. Soma Lamarck na Darwin, na siku ukiwa na nauli nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, uulize habari za Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu ambaye Mary Leakey alipata fuvu lake Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Tuna utajiri huo mjini na wengi wetu tunaupita kwenye daladala.

Chura akimmeza bombadia inakuwaje?

Swali bora kuliko yote, na lina jibu. Shinji Sugiura na Takuya Sato wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, walichapisha jaribio hilo mwaka 2018. Vyura walimmeza mdudu, na kishindo kikasikika ndani ya tumbo. Asilimia 43 ya vyura walitapika, kati ya dakika 12 na 107 baadaye, na wadudu waliotapikwa walitoka hai. Bombadia waliolazimishwa kumaliza kemikali zao kabla ya kumezwa karibu wote hawakurudi. Bombadia mkubwa alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kutoka kuliko mdogo, na vyura wadogo walitapika mara nyingi zaidi kuliko wakubwa. Kwa hiyo hata ndani ya tumbo la chura tofauti ndogo kati ya mdudu na mdudu ina uzito: huyu anarudi kuzaa, yule anageuka chakula. Uteuzi wa asili hauhitaji zaidi ya hapo.

Binti wa kidato cha tatu aliyeuliza hili hakutaka habari za asilimia. Alitaka kujua chura alijisikiaje. Nilimwambia watafiti hawakumhoji.